Kompyuta ya Gemu Ukambani: Tulivyozigawa Shilingi 40,000

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, tuzungumze vyuma. Kuna swali ambalo mtu anayejulikana mtaani kama "yule wa kompyuta" halikwepi: "Nina pesa kiasi hiki, ninunue nini ili gemu ziende?" Huulizwa hapa Kitui mjini, huulizwa nikienda Wote, na safari hii aliyeuliza ni mpwa wangu, kijana wa dada yangu anayeishi nje kidogo ya Wote, kaunti ya Makueni. Mto Athi unatutenganisha, lakini simu haijui mto.

Nimeamua kuandika hesabu zote tulizopiga kwa sababu ushauri mwingi ulioko kwenye mtandao umeandikiwa mtu mwingine kabisa. Umeandikiwa mtu ambaye stima yake haikatiki, ambaye chumba chake kina ubaridi, na ambaye kifaa kikimharibikia anakifunga kwenye boksi na kukirudisha dukani. Ukiuchukua ushauri huo ulivyo na kuuleta Ukambani, unaweza kupoteza pesa nyingi ukidhani umefanya kila kitu sawasawa.

Kwanza, pesa zenyewe. Zilikuwa Sh40,000, na zilikuwa za chama. Dada yangu alikuwa amefikiwa na zamu yake, na majirani walitarajia anunue tangi la maji, kama watu wote wanavyofanya kabla ya kiangazi. Badala yake akasema atamtengenezea kijana kompyuta. Si kwa ajili ya gemu tu. Kijana amemaliza shule, na kwa kompyuta hiyohiyo hutengeneza mabango ya mazishi na harambee, na wakati wa Desemba huhariri video za harusi. Pesa si nyingi, lakini zinaingia. Dada aliponipigia simu aliniambia sentensi moja: "Kaka, mimi sijui hivyo vitu, lakini ujue hizi hazirudi tena mpaka mwaka kesho kutwa."

Kwa hiyo swali halikuwa "kadi gani ina kasi zaidi?" Swali lilikuwa: tutafanyaje mashine hii icheze, ifanye kazi, na iwe hai miaka miwili ijayo? Maana ikiungua, hakuna ya pili.

Haya, tuangalie kilichokuwepo. Kijana ana Dell OptiPlex 9020, lile kasha kubwa la kusimama, mashine ya ofisi ya toleo lililotoka mwaka 2013. Kama zilivyo nyingi zinazouzwa Kenya, ni ex-UK: ilitumika katika ofisi za Ulaya, ikabadilishwa, ikaletwa huku kwa kontena. Ndani ina prosesa ya Core i5-4590 yenye kori nne, RAM ya GB 8 aina ya DDR3, na diski ya zamani ile inayozunguka, GB 500. Kadi ya grafiki haina. Michoro yote inategemea prosesa. Skrini ni ya inchi 20, nayo pia ex-UK.

Mpwa wangu alikuwa ameshachagua anachotaka: kadi ya GTX 1660 Super iliyotumika. "Mjomba, hii ndiyo yenyewe. Nimeangalia video zote." Na kweli, kwa kadi za kiwango hicho ni kadi nzuri sana. Lakini nikamwambia tusianze na kadi. Tuanze na skrini.

Kwa nini skrini? Kwa sababu ndiyo inayoamua kazi ambayo kadi itafanya. Skrini yake ina nukta 1600 kwa 900, yaani nukta 1,440,000. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Kwa maneno mengine, kadi yake itachora karibu theluthi moja pungufu ya zile zinazochorwa kwenye video alizokuwa akiziangalia. Tena skrini hiyo huonyesha picha mara 60 kwa sekunde, basi. Kadi ikitoa fremu 110, macho yake bado yataona 60. Hizo nyingine ni joto na bili ya stima.

Hapo akanyamaza kidogo. Akasema, "Lakini siku moja nitanunua skrini kubwa." Nikamwambia siku hiyo tutaongea.

Jambo la pili ni pawa saplai, na hapa ndipo kompyuta za ofisi huwakamata wengi. Ya 9020 ina wati 290. Haina ule waya wa ziada unaochomekwa kwenye kadi kubwa. Zaidi ya hapo, plagi inayoingia kwenye ubao mama si ile ya pini 24 iliyozoeleka, ni ya pini 8 ya Dell wenyewe. Kwa hiyo ukinunua pawa saplai ya kawaida, haiingii mpaka upate adapta yake.

Sasa, slotu ya kadi kwenye ubao mama hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayotumia wati 75 au pungufu huchomekwa ikafanya kazi, bila waya mwingine. GTX 1660 Super hutumia wati 125. Kwa hiyo kumtimizia kijana ombi lake kulimaanisha pawa saplai mpya na adapta, juu ya bei ya kadi.

Kadi zinazoweza kuishi kwa umeme wa slotu si nyingi. Kuna GTX 1050 Ti ya mwaka 2016. Kuna GTX 1650 ya mwaka 2019. Kuna RX 6400 ya mwaka 2022, inayotumia wati 53 tu, lakini hiyo inazungumza na ubao mama kupitia njia nne pekee, na kwenye mashine za zamani hupoteza kasi. Tena haina sehemu ya kusimba video, na kijana huyu anahariri harusi, kwa hiyo tuliifuta. Halafu kuna RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, wati 70. Hiyo ndiyo bora kati ya zote, lakini bei yake ingemeza chama chote.

Angalia hesabu ya umeme. Prosesa wati 84, kadi ya GTX 1650 wati 75, ubao mama, diski na feni tuseme 40. Jumla ni kama wati 200. Pawa saplai ya 290 inabeba na inabaki na nafasi. Onyo moja tu: baadhi ya GTX 1650 zimetengenezwa na tundu la waya wa pini 6. Itazame kadi yenyewe kabla ya kutoa pesa, usisome jina peke yake.

Jambo la tatu ni stima. Wakenya wanakumbuka usiku wa Agosti 25, 2023, nchi karibu nzima ilipoingia gizani, na giza likarudi tena Novemba na Desemba mwaka uleule. Lakini hizo ndizo zilizotangazwa. Za kwetu hazitangazwi. Ukiwa mwishoni mwa laini, mbali na transfoma, jioni taa hufifia kila mtu anapowasha vyake, kisha stima hukatika, kisha inarudi kwa kishindo. Kinyozi mmoja jirani ya dada alipoteza televisheni na redio kwa mpigo mmoja. Huyo kinyozi alikuwa na maoni makali kuhusu mipango yetu kuliko mtaalamu yeyote wa mtandaoni.

Basi tukakaa, mpwa na mimi, tukaandika njia mbili kwenye karatasi. Bei ni zile tulizopewa sisi siku hizo, zako zinaweza kuwa tofauti.

Njia ya kwanza, ya kijana: GTX 1660 Super iliyotumika, Sh22,000. Pawa saplai ya wati 550, Sh7,000. Adapta ya Dell, Sh1,000. SSD, Sh6,500. Nauli, Sh2,000. Jumla Sh38,500.

Njia ya pili: GTX 1650 iliyotumika, Sh15,000. UPS ya VA 650, Sh7,500. SSD, Sh6,500. RAM ya GB 8 ya kuongezea, Sh3,000. Waya wa HDMI kwenda DVI, Sh500. Usafi na gundi ya joto, Sh1,000. Nauli, Sh2,000. Jumla Sh35,500.

Ukizitazama vizuri utaona tofauti si kadi. Tofauti ni kwamba njia ya kwanza ina mashine yenye kasi iliyochomekwa moja kwa moja ukutani, na njia ya pili ina mashine ya wastani yenye kinga.

Kijana alipigania njia yake, na alikuwa na hoja. Alisema kadi dhaifu itazeeka haraka, kwamba kumbukumbu ya GB 4 kwenye GTX 1650 ni ndogo kwa gemu mpya. Ni kweli. Alisema pia UPS haiongezi hata fremu moja. Hiyo nayo ni kweli. Nilimjibu kwamba fremu za mashine iliyoungua ni sifuri. Dada, aliyekuwa akisikiliza huku anachambua mbaazi, aliuliza swali moja: "Hiyo ya kwanza stima ikirudi vile hurudi, inakuwaje?" Hakuna aliyemjibu. Njia ya pili ikapita.

Mtu atauliza: kwa nini RAM na SSD zikawemo? SSD kwa sababu diski inayozunguka husoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde, na SSD ya plagi ya kawaida ya SATA hufika karibu 500, na kwa mafaili madogo madogo tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. Hakuna kitu kingine kinachoibadilisha kompyuta kuukuu kwa bei hiyo. RAM kwa sababu kuhariri video kwa GB 8 ni mateso. Na hapa uzee wa mashine ulitusaidia: mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zilipanda dunia nzima kwa sababu vituo vya data vya akili bandia vilikuwa vinazinunua kwa pupa, lakini vipande vilivyotumika vya DDR3 tulivipata bila machozi. Ubao mama una slotu nne, mbili zilikuwa tupu. Tukaongeza vipande viwili vya GB 4, ikawa GB 16.

Kulikuwa na suala la Windows pia. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele. Hii ya kijana ni ya kizazi cha nne. Tukaweka Linux Mint. Kwa kazi zake kuna Kdenlive na Blender, zote bure. Kwa gemu kuna Steam, ambayo tangu mwaka 2018 ina Proton, chombo kinachoziwezesha gemu nyingi za Windows kufanya kazi kwenye Linux.

Lakini nisiwadanganye: si zote. Valorant na Fortnite hazikubali Linux, kwa sababu ya programu zao za kuwazuia wadanganyifu. GTA V inacheza hadithi yake vizuri, ila sehemu ya mtandaoni ilifungwa kwa watu wa Linux mwaka 2024, programu ya namna hiyo ilipoongezwa. Kijana ana marafiki Machakos na Nairobi wanaocheza Valorant, na hii ilimuuma kuliko suala la kadi. Hilo ndilo gharama halisi ya njia tuliyochagua, na wewe ulipime kabla ya kuifuata.

(Na kwa wanaodhani kadi mpya itawaondolea kukwama wanapocheza mtandaoni: hapana. Nuru ndani ya nyaya za mtandao husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa Ujerumani, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa, kwenda na kurudi ni milisekunde 60 hata kabla ya kupinda kona yoyote. Hakuna duka Nairobi linalouza dawa ya hiyo.)

Siku ya kununua tulikutana Nairobi, mimi nikitokea Kitui na yeye Wote, sote tukashukia Machakos Country Bus kama watu wa Ukambani wanavyoshukia, tukatembea hadi Luthuli Avenue. Kadi zilizotumika zinataka macho mawili na subira. Nyingi zilitoka kwa wachimbaji wa sarafu za kidijitali, maana Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi zilimwagika sokoni duniani kote. Kadi ya mchimbaji si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimezunguka mchana na usiku. Mbaya zaidi ni za bandia: kadi ya kale kabisa iliyoandikwa upya ndani ili ijitaje kuwa GTX 1050 Ti. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z inayoweza kuzitambua nyingi za hizo. Ibebe kwenye flashi.

Muuzaji wa kwanza alikataa kuiwasha kadi mbele yetu. Tukamshukuru, tukaondoka. Wa pili aliichomeka, akatuacha tucheze kwa dakika ishirini, feni zikasikika sawa, joto likatulia. Tukalipa kwa M-Pesa, tukaomba risiti yenye namba ya kadi. Mpwa wangu alibeba ule mfuko kifuani mpaka Wote kama mtoto mchanga.

Kazi ya kufunga tulifanya nyumbani kwa dada, na sehemu kubwa haikuwa kufunga, ilikuwa kusafisha. Vumbi jekundu lilikuwa limejaa kwenye feni ya prosesa hadi limekuwa kama blanketi. Tulilipuliza nje kwa bloa, tukafuta gundi ya joto iliyokauka tukaweka mpya. Jueni kwamba feni haiwezi kupooza kitu chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 33 mwezi wa Februari, mashine inaanzia hapo, si kwenye nyuzi 20 za video za Ulaya. Kwa hiyo tuliiinua kutoka sakafuni, tukaiweka mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana, na kijana ana kazi ya kuipuliza kila mwisho wa mwezi.

Bili ya stima tuliipiga pia, kwa sababu tokeni ananunua dada. Wati 225 pamoja na skrini, kwa saa nne kwa siku, ni uniti 0.9, yaani uniti 27 kwa mwezi. Njia ya kwanza ingekuwa kama wati 275, uniti 33. Kijana alikubali uniti ya gemu ailipie mwenyewe kutoka kwa mabango. Huo ulikuwa mkataba wao, mimi sikuingilia.

Matokeo? GTA V inaenda fremu 60 bila shida kwenye skrini ile. Euro Truck Simulator 2 nayo inaenda vizuri. Video ya harusi iliyokuwa ikimaliza usiku mzima sasa inamaliza kabla ya chakula cha jioni. Na wiki ya tano stima ilikatika akiwa katikati ya kutoa video ya mteja. UPS ikaanza kulia, akasimamisha kazi, akahifadhi, akazima mashine taratibu. Taa ziliporudi zilirudi kwa ule mshindo tunaoujua. Aliisubiri itulie, akaiwasha, akaendelea. Harusi ya watu ilikuwa salama. Bado anaiita ile UPS "king'ora cha mjomba", na bado anaitaka ile 1660 Super.

Zilibaki Sh4,500. Alitaka zinunue kibodi yenye taa. Dada alizichukua, akasema ndizo mwanzo wa tangi.

Kuna watu waliomwambia dada amepoteza zamu ya chama kwa mchezo. Mimi sikubaliani nao. Kijana huyu alijifunza kufungua kasha, kusoma wati, kusakinisha Linux na kubishana na mjomba wake kwa takwimu, na yote hayo kwa sababu alitaka kucheza. Pale Malili, ndani ya Makueni hiihii, ndipo Rais Kibaki alipozindua ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza Januari 2013. Ukimuuliza mpwa wangu njia ya kufika huko, haitaji barabara ya Mombasa. Anaonyesha lile kasha la Dell.

Kwa anayeanza bila kompyuta yoyote, ushauri wangu ni tofauti: tafuta mashine ya ofisi ya kizazi cha nane, kama OptiPlex 7060, uicheze kwa michoro ya prosesa kwanza, na kadi ije baadaye. Windows 11 itakubali, na ubao mama una nafasi ya SSD ya kasi zaidi. Lakini kwa kila mtu, mpya au mzee, mpangilio ni uleule: skrini kwanza, pawa saplai ya pili, stima ya tatu, kadi ya mwisho. Ukifika kwenye kadi ukakuta pesa zimepungua, usishtuke. Nunua inayotosha pesa zilizobaki, ucheze.

Haya, nawatakia mchezo mwema, na stima isiyokatika.